Waliachana bila ugomvi 1992, madai yakaja 2011: kisa cha Wyatt na Vince

Watu wakishatengana kwa amani huwa wana swali moja tu: jamani hatugombani, watoto tumekubaliana watakaa wapi, kila mtu kashachukua vyake, sasa wakili wa nini tena? Na wana hoja. Wakili ni hela, halafu kuna ile hofu kwamba ukimwingiza mtu baki katikati ya wawili walioelewana ndo unachochea moto uliokuwa umeshabaki majivu. Mi nakubaliana nao nusu. Nusu ya pili nataka niieleze kwa kisa kimoja cha Uingereza, kisa cha kweli kilichofika mpaka mahakama ya mwisho kabisa kule, kwa sababu kila nikikisoma naona hapa hapakuwa na mtu mbaya wala mtu mjanja, palikuwa na karatasi moja tu ambayo hakuna aliyeweza kuionyesha.

Kathleen Wyatt na Dale Vince walioana Desemba 1981. Vijana wadogo wote wawili, hawana kitu, wanaishi kwa posho ya serikali. Yeye mke alikuja na binti mdogo kutoka uhusiano wa nyuma na mume akamchukua kama mtoto wa nyumbani, kisha 1983 wakapata wa kwao wa kiume. Mwanzoni mwa 1984 wakatengana. Ukihesabu, kuishi pamoja kama mke na mume ni miaka miwili na kidogo tu. Baada ya hapo kila mtu akashika njia yake: mke akabaki na watoto wote wawili kwenye maisha magumu kweli kweli, mume akawa mtu wa kuzunguka, analala kwenye magari ya zamani na wenzake waliokataa maisha ya kawaida. Hela ya kumsaidia mama watoto hakuwa nayo, na hilo hata mahakama haikubishana nalo, huwezi kumkamua mtu mkavu.

Talaka yenyewe ikatoka Oktoba 1992. Miaka minane baada ya kutengana, hakuna wa kubisha, hakuna nyumba ya kugawana, hakuna pensheni, hakuna akaunti. Yaani kama kuna watu duniani waliokuwa na haki ya kusema wakili wa nini ni hawa. Ungewaambia siku ile kwamba wanatakiwa walipie mtu awaandikie oda ya mahakama inayosema kwamba hakuna atakayemdai mwenzake wangekucheka, adaiwe nini, hilo gari bovu?

Sasa angalia kilichotokea. Katikati ya miaka ya 90 huyu bwana akaingia kwenye umeme wa upepo, wakati ambao watu wengi walikuwa wanauona ni mchezo wa wahuni. Kampuni ikakua, ndo hiyo inayojulikana kama Ecotricity, na yeye mwenyewe baadaye akaja kuwa mwenyekiti wa klabu ya mpira ya Forest Green Rovers, ile ambayo uwanjani kwao huuziwi nyama. Kufikia kesi inaanza, utajiri wake ulitajwa kuwa si chini ya pauni milioni 57. Mke wa zamani kwa upande wake alikuwa bado anahangaika, kazi za mshahara mdogo na posho, nyumba yenyewe si ya kusifia, na watoto wengine wawili aliowapata baada ya hapo.

Mwaka 2011 akafungua madai. Anaomba pauni milioni 1.9 kwa mkupuo. Miaka 27 tangu watengane, 19 tangu talaka.

Najua unachofikiria, maana na mimi nilifikiri hivyo hivyo: hii si inatupwa nje siku ya kwanza? Deni la kawaida tu lina muda wake wa kudai, likipita limepita. Hapa ndo penyewe. Sheria ya ndoa ya England na Wales, ile ya 1973, haikuweka ukomo wa muda wa kudai hela kutoka kwa mtalaka wako. Haki ya kuomba fungu inazaliwa na talaka na inabaki hai mpaka mahakama iifunge kwa oda, au mpaka wewe mwenyewe uiue kwa kufunga ndoa nyingine kabla hujaomba (na hata hapo si kila kitu kinakufa, pensheni ina njia yake). Kwa hiyo swali halikuwa huyu mama amechelewa au la, kila mtu alijua amechelewa. Swali lilikuwa: mlango ulifungwa?

Na jibu likakosekana kwa sababu ya ajabu kidogo. Faili la talaka la 1992 halikupatikana. Mahakama walitafuta, wakaambulia hati ya mwisho ya talaka na si zaidi. Inawezekana siku ile madai ya hela yalifutwa, inawezekana hayakuguswa, hakuna aliyeweza kuthibitisha, na mume hakuwa na nakala ya kuonyesha. Fikiria mtu mwenye kampuni ya mamilioni anatafuta karatasi moja ya miaka 20 nyuma ambayo wakati ule isingekuwa na maana yoyote kwake.

Jaji wa Mahakama Kuu alipoisikiliza mwaka 2012 akakataa kuyatupa madai, na juu yake akamwamuru mume atoe pauni 125,000 kulipia mawakili wa mke ili aweze kuendesha kesi. Hapo wanaume wengi mate huwakauka, analipia risasi za kumpigia mwenyewe. Ila mantiki ipo: serikali kule ilikuwa inapunguza msaada wa kisheria kwenye kesi za familia, na kuanzia Aprili 2013 ukaondolewa karibu wote isipokuwa penye ushahidi wa ukatili na mambo machache mengine, sasa mmoja akiwa na jeshi la mawakili na mwingine mikono mitupu hiyo si kesi.

Mahakama ya Rufaa 2013 ikageuza meza. Wakasema hapana, madai ya zamani namna hii hayana mashiko, tupa nje, na hela ya mawakili ambayo haijatumika irudishwe. Watu wengi walidhani imeishia hapo na kusema kweli kama unasoma kwa moyo tu unaona Mahakama ya Rufaa ndo iliongea lugha ya mtaani.

Tarehe 11 Machi 2015 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa sauti moja, wakarudisha kesi. Hukumu aliiandika Lord Wilson, na ni nzuri kuisoma kwa sababu hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia mama waziwazi kwamba ana mlima mbele yake: ndoa ilikuwa fupi, maisha yao ya pamoja yalikuwa ya chini kiasi kwamba huwezi kudai ulizoea raha, utajiri ulianza miaka mingi baada ya wao kuachana na hakuwa na mkono ndani yake, na kuchelewa kwake kutapunguza sana chochote atakachopata. Akadokeza kabisa kwamba ile milioni 1.9 asiitegemee, ila pengine kitu cha kumwezesha kupata nyumba ya nafuu isiyo na mkopo. Lakini akasema kuna jambo moja huwezi kulifuta kwa kalamu, huyu mama alilea watoto wawili kwa zaidi ya miaka 16 kwenye shida, na sheria inamwambia jaji aangalie mazingira yote ikiwemo mchango wa kulea familia. Na taratibu za mahakama za familia, tofauti na kesi za kawaida za madai, hazina ile njia ya mkato ya kuitupa kesi kwa sababu tu inaonekana dhaifu. Kama ina msingi wowote kisheria inasikilizwa, hata kama ni kwa ufupi.

Juni 2016 wakamaliza kwa makubaliano: pauni 300,000, mahakama ikaidhinisha. Ukilinganisha na milioni 57 ni chenji. Lakini kuna miaka mitano ya kesi, mahakama tatu, mawakili wa pande mbili wenye bei zao, na habari za nyumba yako kila mtu anazisoma akiwa kwenye basi.

Haya, turudi kwa wale wetu waliotengana kwa amani. Watu wakisikia kisa hiki hukimbilia kusema "ona sasa, ndo maana lazima uwe na wakili kwenye talaka." Mi sidhani ndicho kinachosema. Kwenye talaka yenyewe, ile ya kusema ndoa imekwisha, hawa wawili hawakukosea kitu. Ilitoka, ikawa halali, hakuna aliyeipinga mpaka leo. Na siku hizi kule ni rahisi zaidi: tangu tarehe 6 Aprili 2022 huhitaji kumtuhumu mwenzako chochote, mnaweza hata kuomba pamoja kama watu wawili wenye ombi moja, mnajaza mtandaoni, mnasubiri wiki 20 mnaomba oda ya kwanza yenye masharti, kisha wiki 6 na siku moja mnaomba ya mwisho. Muhimu ndoa iwe imefikisha mwaka. Mtu anayejua kusoma na kujaza fomu vizuri anaweza kuifanya jioni mezani akiwa na cheti chake cha ndoa pembeni. Kumlipa wakili akujazie hiyo, kama kweli hakuna ubishi, naona ni kama kumlipa mtu akufungie kamba za viatu.

Tatizo ni kwamba neno talaka tunalitumia kwa vitu viwili. Kuna kuvunja ndoa na kuna kufunga hesabu, na kule hivi vitu vina karatasi mbili tofauti kabisa. Hati ya talaka haisemi lolote juu ya nyumba, deni, pensheni, wala hela utakayoipata kesho. Ukiwa nayo peke yake umeachana na mtu lakini hujaachana na mkoba wake wala yeye na wako. Kinachofunga ni oda ya makubaliano ya kifedha, mnaandika mlichokubaliana, mnasema baada ya hapa hakuna wa kumdai mwenzake akiwa hai wala akifa, mnaambatanisha fomu inayoonyesha kila mmoja ana nini na anapata nini, jaji anasoma, akiridhika kwamba si uonevu anapiga muhuri. Mara nyingi hata hamuitwi.

Na kuna watu wanasema sisi tumeandika wenyewe na kusaini mbele ya mashahidi, inatosha. Haitoshi. Hiyo karatasi ina uzito, jaji ataiangalia, lakini haimfungi. Benki ya mkopo wa nyumba ndo haijali kabisa, kama mlisaini wote wawili basi wote wawili mnadaiwa hata kama mmekubaliana nani atalipa. Mfuko wa pensheni nao hautagawa hata senti kwa barua yenu ya mezani, wanataka oda ya mahakama, basi.

Kwa hiyo nikiulizwa kama Wyatt na Vince walihitaji wakili 1992 nasema ndiyo, kwa saa moja au mbili. Si wa kupigana. Wa kuuliza swali ambalo watu wanaopendana au waliochokana hawaulizani: je mmoja wenu akitajirika? Mmoja akirithi? Mtu maskini hufikiri oda ya kifedha ni ya matajiri, kumbe maskini ndo ana sababu zaidi, maana hali yake ina nafasi ya kubadilika kwa upande mmoja tu wa juu. Na ni rahisi kuipata wakati mna sifuri, hakuna cha kubishania, jaji anaangalia sifuri mbili anasaini.

Ila hapa nisimame kidogo kwa ajili ya yule mama, kwa sababu stori hii huwa inasimuliwa kana kwamba yeye ndo ajali iliyompata tajiri. Geuza upande. Wakili mzuri wa mke mwaka 1992 angemshauri asaini kwamba hadai kitu? Ana watoto wawili mikononi na baba yao hana hela leo lakini ni kijana. Wakili wake huenda angemwambia acha mlango nusu wazi, omba hata malipo madogo sana kwa mwaka, ya jina tu, ili haki isife, tuone mbeleni. Hapo unaona kwa nini wakili mmoja kwa watu wawili kwa kawaida haikubaliki, karatasi inayomlinda huyu ndo inayomfunga yule, na wote wawili wakiwa wameketi kwa amani huku wanacheka hawaioni. Siku hizi kule kuna mawakili wanaokubali kuwashauri wawili kwa pamoja, lakini wanawachuja kwanza, na wakiona maslahi yanagongana wanasimama.

Nchi nyingine wameliona hili na kuamua tofauti kabisa. Ufaransa tangu 2017 mkikubaliana kila kitu hamuendi hata kwa jaji, mnaenda kwa mthibitishaji wa nyaraka, lakini kila mmoja lazima awe na wakili wake, na mkishapewa rasimu mnakaa siku 15 kabla ya kusaini ili mtu atulize kichwa. Ujerumani mnaweza kupita na wakili mmoja, wa yule anayeomba, mwingine anakubali tu bila wa kwake, na mi hiyo huwa inanipa wasiwasi kwa huyo anayekubali tu. Ufaransa wamemwondoa jaji wakaongeza mawakili, England mawakili si lazima lakini jaji yupo. Mahali fulani lazima pawe na jicho la tatu, sijaona nchi iliyofanikiwa kuliondoa kabisa bila mtu kuumia.

Na msinielewe vibaya, wakili naye si kinga ya kila kitu. Oktoba 2023 hapo hapo England ofisi moja ya mawakili ilikuwa inaomba oda ya mwisho ya talaka ya mteja mmoja kwenye mfumo wa mtandaoni, wakachagua jina la mteja mwingine kwa bahati mbaya. Dakika 21 baadaye talaka imetoka, ya watu waliokaa kwenye ndoa zaidi ya miaka 20 na mazungumzo ya hela hayajaisha. Wakakimbilia mahakamani kuomba ifutwe, na 2024 jaji mkuu wa kitengo cha familia akakataa, oda ni oda, huwezi kuirudisha nyuma kwa kusema kidole kiliteleza.

Kisa hicho kinagusa kitu ambacho wanaojifanyia wenyewe wanakikosea sana, yaani mpangilio. Ukishapata oda ya mwisho ya talaka wewe si mke wala mume tena. Mwenzako akifariki kesho yake na hesabu hamjafunga, ile pensheni ya mjane haikuhusu, bima ya kazini inategemea kaandika jina la nani, na urithi wa moja kwa moja umeukosa. Ndo maana hata kwenye talaka isiyo na neno, wanaojua huomba oda ya masharti kwanza, wanapeleka makubaliano ya hela kwa jaji katikati pale, yakipigwa muhuri ndo wanaomba ya mwisho. Kuchelewa mwezi mmoja au miwili hakuna aliyekufa nako, labda uwe na mtu anakusubiri ukumbini na keki.

Kuna hali ambazo hata hilo la saa mbili silisemi, nasema nenda na wakili mwanzo mpaka mwisho. Kama mwenzako alikuwa anakupiga au anakutisha, hiyo "tumekubaliana" yenu siiamini hata ikiwa na saini kumi. Kama hela za nyumba alikuwa anazijua mmoja peke yake. Kama kuna biashara, kwa sababu thamani ya biashara ni kitu ambacho mwenye nayo anaweza kukiimba apendavyo. Kama kuna mali nchi nyingine. Pensheni kubwa pia, watu hugombania nyumba kwa sababu wanaiona, halafu mfuko wa pensheni wenye thamani kuliko nyumba unaondoka kimya na mmoja wao, mara nyingi yule aliyekuwa anafanya kazi wakati mwenzake analea.

Waliobaki, yaani ndoa fupi, hakuna watoto, kila mtu ana kazi yake na hakuna cha maana cha kugawana, talaka wajaze wenyewe. Hela waliyookoa waitumie kumpa mtu awaandikie ile oda moja, kila mmoja akasomewe na mtu wake kabla ya kusaini, kisha nakala ikae mahali ambapo itapatikana hata mahakama ikipoteza ya kwake. Ningekuwa mimi ningeiweka sehemu tatu.

Kwenye fomu ya sasa ya kuomba talaka kule England kuna swali linalouliza kama unataka kuomba oda ya kifedha. Mtu aliyeachana kwa amani akilifikia anaona kama anaulizwa kama anataka vita, anajiambia sisi hatuna ugomvi, anatiki hapana na kwenda ukurasa unaofuata. Ukitiki ndiyo hujaanzisha kesi yoyote, ili ianze kuna fomu nyingine na ada yake, umeweka tu mguu mlangoni usije ukajifungia nje siku ukiolewa tena.